Maswali Yenu: Tumehamishwa, Makaburi Yamebaki

Tangu tuguse habari za fidia ya ardhi hapa Uganda kwenye safu hii barua hazijakoma, na nyingi hata hazizungumzii pesa, zinauliza habari za wafu. Yani mtu katolewa kijijini, nyumba ilishaanguka, hilo ameanza kulizoea, lakini anajaza kurasa mbili nzima juu ya kaburi moja tu. Nimechagua chache za kujibu, majina nimeyatoa kwa usalama wenu.

SWALI: Mzee, habari za kazi. Sisi tulikuwa tunaishi ndani huko Kiryandongo kwenye zile ranchi za zamani, baba alifika pale kijana, akaoa palepale na sisi wote tukazaliwa pale. Alafu ikaja kampuni na trekta, tukaambiwa ardhi ina mwenyewe, tukatoka mbio na magodoro kichwani. Saa hii tunapanga chumba Bweyale. Shida yangu ni babu na bibi na dada yangu mdogo, wote wako kule. Mwaka jana nilimbembeleza mlinzi akaniacha niingie, nikakuta mahindi tu mpaka macho yanapoishia. Kisiki cha mwembe wetu ndo kilinionyesha niko wapi, nikahesabu hatua kuelekea palipokuwa jiko, nikapata kipande cha simenti kimegeuzwa na jembe la trekta, kimeandikwa kwa msumari 197 na namba ya mwisho imevunjika. Nimekuja nacho nyumbani. Tuna haki yoyote au ndo basi? – Msomaji, Bweyale

JIBU: Ndugu yangu pole sana, na hicho kipande usikiache nje watoto wakichezee, kifunge kwenye kitambaa ukiweke sandukuni, sasa hivi nakuambia kwa nini.

Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekaa kwenye ardhi yenye hati ya mwingine na kuitumia miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 kuanza kazi, bila mwenye hati kumpinga. Katiba ilianza Oktoba 1995, kwa hiyo ukirudisha hesabu nyuma unafika 1983. Familia iliyokuwa pale kabla ya hapo, ikilima na kuishi bila kusumbuliwa, sio wavamizi hata mlinzi apige kelele vipi, na baada ya sheria kurekebishwa 2010 mtu wa namna hiyo hatolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu ya kutolipa kodi ya ardhi. Sasa tatizo la watu wetu huwa ni moja, ushahidi. Karatasi hakuna, mwenyekiti wa kijiji wa zamani alishakufa, majirani wametawanyika kila mtu na mji wake. Na wewe umeshika mkononi simenti yenye 197. Kwetu mtu hamziki mamake kwenye ardhi anayopita njia, anamzika pale alipokwisha kuamua ndo kwao. Kaburi la miaka ya 1970 linasema mlikuwa pale miaka ya 1970.

Peke yake halitoshi, nisikudanganye. Tafuta na zile tiketi za kodi ya kichwa alizokuwa analipa baba yako, maana kodi ile ilisimamishwa 2005 na wazee wengi bado wameziweka kwenye mifuko ya plastiki chini ya godoro. Tafuta kadi za ubatizo, kadi za kliniki za watoto, ripoti za shule ya msingi, kila kitu chenye jina la kijiji na mwaka. Tafuta wazee wawili watatu waliokuwepo kwenye mazishi, waandike kwa wakili wangali hai. Kama watu wengi wa kijiji chenu wako hapo Bweyale, fanyeni pamoja, mtu mmoja akienda kwa wakili anaonekana msumbufu lakini familia hamsini zikienda na daftari moja la makaburi, hapo wanasikilizwa.

Daftari lenyewe liwe hivi. Kaeni na mama zenu, maana wao ndo wanakumbuka zaidi, muandike kila aliyezikwa, jina, mwana wa nani, mwaka hata kama ni wa kukadiria (mwaka wa njaa ile, mwaka alipokuja Amin, andika tu), kaburi lilikuwa la simenti au la mawe au udongo mtupu, liko karibu na mti gani au mbele ya nyumba ya nani. Nyuma yake chora kijiji, njia, kisima, kanisa au msikiti, miembe. Mkiruhusiwa kuingia tena mpige picha kila alama ikiwa bado mahali pake kabla hamjaigusa, na mtu ashike simu aweke lokesheni. Alafu wazee wasaini, na kopi moja ikae mbali na nyingine, isiungue nyumba moja mkapoteza zote.

Kuhusu makaburi yenyewe, kitabu cha sheria ya makosa kinasema ni kosa kuingilia mahali pa maziko kwa nia ya kuumiza hisia za watu au kuidharau maiti. Neno nia ndo linaleta kazi hapo, dereva wa trekta atasema mimi sikujua, meneja atasema mimi niliikuta ardhi tupu. Kwa hiyo wajulisheni. Andikeni barua kwa kampuni, semeni makaburi yako upande huu, idadi hii, ya watu hawa, kopi iende LC1 (mwenyekiti wa kijiji), kaunti ndogo, ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani) na polisi, na kila mnapopeleka mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yenu. Kuanzia hiyo siku hakuna wa kusema hakujua. Na kwenye barua hiyohiyo ombeni vitu viwili vya kawaida kabisa, eneo lizungushiwe uzio lisilimwe, na familia ziruhusiwe kuingia kwa siku mtakazokubaliana. Kampuni nyingine zinakubali hilo haraka kuliko kuzungumzia ardhi, na mkikubaliwa mjue mmepata pia maandishi yanayokiri kwamba mliishi pale.

Na kuhusu kutolewa kwenu mbio na magodoro, Jaji Mkuu alitoa mwongozo 2021 juu ya watu kutolewa kwenye ardhi, unataka amri ya mahakama, taarifa kwa watu kabla, na polisi wajulishwe. Kama hamkuonyeshwa karatasi yoyote mwambieni wakili hilo ndo awe nalo la kwanza.

Wala msifikiri mko peke yenu kwenye historia ya nchi hii. Mkataba wa Buganda na Waingereza wa 1900 ulipogawa ardhi kwa maili, machifu walijiandikia mpaka mahali ambapo koo zilikuwa zimezika wakuu wao vizazi na vizazi, na bataka, yani wakuu wa koo, wakanyanyuka miaka ya 1920 wakaenda mpaka kwa wakoloni kudai. Hoja yao ilikuwa hiihii ya kwako, mtuonyeshe makaburi ya babu zenu nyinyi machifu kwenye hiki kilima, sisi haya hapa ya kwetu. Ardhi hawakurudishiwa, ila 1928 ikapatikana sheria ya Busuulu na Envujjo (kodi ya ardhi na ya mazao) iliyomzuia mwenye hiyo ardhi ya maili kumtupa nje mkulima anavyotaka. Upande wa Bunyoro nako, kaunti zao zilipopewa Buganda baada ya vita na mfalme wao Kabalega, makaburi mengi ya Wakama (wafalme) wa zamani yakaangukia mle, na Wanyoro hawakuacha kuyataja mpaka kura ya 1964 ikarudisha kaunti za Buyaga na Bugangaizi. Watu walibishana na dola miaka sabini na makaburi ndo yalikuwa kidole chao cha kuonyeshea. Andikeni hilo daftari mwezi huu.

SWALI: Mzee, sisi kwetu ni Amuru. Wakati wa vita tuliwekwa kambini, na mdogo wangu wa kiume alifia huko 2003 akiwa na miaka minne, tukamzika nyuma ya kibanda maana nafasi ilikuwa hakuna. Tulirudi kwetu zamani. Sasa mwenye ardhi ile ya kambi anatuma watu kwamba tutoe mtoto wetu, anataka kukata viwanja. Hatuna hela ya gari wala ya mbuzi wa tambiko, na mama anamuota mtoto kila wiki anamuuliza kwa nini mlirudi mkaniacha. – Dada, Gulu

JIBU: Dada yangu, nimeisoma hii barua nikaiweka chini nikaisoma tena.

Kwanza huyo mwenye ardhi msimchukulie kama adui. Kuanzia 1996, kwenye vita na waasi wa Kony, serikali iliwaamuru watu kuingia kambini, mpaka vita vinapamba moto zaidi walikuwa karibu milioni 1.8 kaskazini yote, na ardhi walipowekwa ilikuwa ya watu, wengi wao hawakulipwa kitu. Yeye naye aliishi na vibanda vya watu kwenye shamba la baba yake miaka kumi, na sasa ana makaburi ya watoto asiowajua. Nenda kwake na mjomba au mzee mmoja wa ukoo, kwa upole, ombeni muda, na muulize wengine aliowatumia ujumbe ni nani. Hapo ndo penye msaada, maana hamko familia moja. Mkiungana kumi mnaweza kukodi lori moja, mkaomba kibali pamoja, mkawa na wazee wa kuongoza wote siku moja.

Kibali lazima, usikubali mtu akwambie fukua usiku mkimbie. Sheria ya Afya ya Umma inakataza kufukua maiti bila ruhusa, na ruhusa anapewa ndugu wa marehemu, kwa hiyo anzia ofisi ya afya ya wilaya pamoja na barua ya LC1 wa pale kambini na ya LC1 wa kwenu. Mambo ya mbuzi na ya kumuita mtoto aje nyumbani siwezi kukufundisha mimi, kila ukoo wa Waacholi una wazee wake na taratibu zake, waulizeni pia rwot (chifu) wenu, na ofisi ya Ker Kwaro Acholi, taasisi ya machifu wa Waacholi pale Gulu, mambo haya wanayajua. Waelezeni wazi kwamba hela hamna. Wazee wenye busara hawamwachi mtoto nje kwa sababu ya bei ya mbuzi.

Mama asiambiwe anaota ushirikina. Akae na wanawake wenzake waliozika kambini, na kama usingizi umekatika kabisa mpeleke kituo cha afya akaongee na mtu, yote mawili yanaweza kwenda pamoja. Na niseme langu hapa, aliyetoa amri watu waingie kambini ndo alipaswa kulipa gari la kuwarudisha wafu wa kambini. Walio hai walipewa mabati na mbegu na majembe ya kurudia nyumbani. Waliokufa hakuna aliyewaandikia bajeti, na mpaka leo mzigo huo unabebwa na mama kama wako.

SWALI: Asalam aleikum. Wapimaji wa barabara wamepita wakapiga rangi nyekundu kwenye ukuta wa makaburi ya familia, alama ya X mpaka kwenye jiwe la kichwani la babu. Sisi ni Wanubi wa hapa Bombo. Baadhi ya wazee wanasema kaburi la Muislamu haliguswi hata iweje, wengine wanasema tuchukue hela. Tufate nini, na hiyo hela inahesabiwaje? – Haji mdogo, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam. Wazee wanaokataa wana msingi, kwa sababu kaburi la Muislamu asili yake halifukuliwi, na kuna hadithi kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Lakini wanazuoni wameacha mlango wa dharura, kwa hiyo swali la kumpelekea kadhi wa wilaya sio je inaruhusiwa kuhamisha, ni je hii barabara imefika kiwango cha dharura au inaweza kupindishwa mita chache. Nendeni na ramani ya mradi mkononi. Mara nyingi barabara inapinda kirahisi ikiwa bado iko kwenye karatasi, greda likishafika hakuna anayesikia tena, kwa hiyo msisubiri.

Ikibidi kuhamisha, simamieni wenyewe kila hatua, wanaume wa familia wachimbe kwa mkono, mashine isikaribie, kila maiti na sanda yake mpya na kaburi lake, waelekezwe kibla. Mengine kadhi atawaongoza.

Hela sasa. Katiba kifungu cha 26 inataka fidia ya haki na ilipwe kabla mali haijachukuliwa. Miti na nyumba zisizo za kudumu zinafuata viwango vya bodi ya ardhi ya wilaya, alafu juu yake kuna nyongeza ya usumbufu, asilimia 15, na ikiwa mmepewa notisi ya chini ya miezi sita inakuwa asilimia 30. Watu wengi hawaijui hiyo 30. Kwa makaburi msiingie kwenye mjadala wa babu ana thamani gani, huko mtadhalilika bure. Dai gharama, moja moja, kwenye fomu: uwanja mpya wa kuzikia, kuchimba upande huu na ule, sanda, gari, simenti, ukuta, shehe, na chakula cha watu watakaokuja, maana ni mazishi upya na jamaa watatoka Arua na Kibuku na kila mahali. Mthamini akikuandikia "makaburi, jumla" na figa moja, usisaini mpaka ayahesabu na kuandika kila moja.

Jambo jingine, baada ya Amin kupinduliwa 1979 Wanubi wengi walikimbilia Sudan na Zaire na Kenya, na baadhi hawakurudi. Kwenye huo uwanja wenu lazima kuna makaburi ambayo mwenyewe hayupo kusema haya ni yangu. Yaandikisheni na hayo kama ya jamii, vinginevyo mradi utayapita kama udongo.

SWALI: Bibi anasema sisi ni watu wa visiwa vya Ssese lakini akiulizwa kaburi la babu wa babu liko kisiwa gani anasema "walitolewa". Nani aliwatoa? – Mwanafunzi, Masaka

JIBU: Bibi yuko sahihi kabisa mwanangu. Ugonjwa wa malale ulilipuka kando ya Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1900 hivi, ukaua watu zaidi ya 200,000, na gavana Hesketh Bell akaamua kwamba dawa ni kuwatenga watu na mbung'o wanaoueneza. Kuanzia 1906 wakaanza kutoa wa pwani, alafu wa visiwani, na ilipofika 1909 Ssese nayo ikahamwa. Kurudi hakukuruhusiwa mpaka karibu 1920. Kumbuka ni watu waliokuwa wanakufa kila siku, yani visiwa viliachwa vikiwa na makaburi mapya kabisa ambayo hata hayajashuka udongo, na waliotoka wengi hawakuishi kurudi. Miaka kumi ya msitu wa ziwani inatosha kuficha kijiji chote. Hata hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, pale Bubembe, ambako Waganda walikuwa wanavuka maji kwenda kuomba, watunzaji wake waliondolewa kama watu wengine wote.

Muulize bibi jina la ukoo, jina la kisiwa na bandari waliyoshukia bara. Kwa hayo matatu unaweza kwenda kwa mkuu wa ukoo wenu akakuonyesha walau upande.

SWALI: Huku Nyabyeya karibu na Budongo kuna kanisa na makaburi yenye majina ya Kizungu magumu kusoma. Ni wamisheni? – Masindi

JIBU: Hapana, ni wakimbizi, Wapoland. Vita vya pili vya dunia vilipoanza Urusi ya Stalin ikawabeba kwa nguvu kutoka vijiji vyao ikawatupa Siberia, 1942 wakapata kutoka kupitia Irani, na maelfu wakaletwa Uganda, kambi moja hapo kwenu na nyingine Koja, kule Mukono kando ya ziwa. Kanisa walilijenga wenyewe. Vita vilipoisha vijiji vyao vikawa upande wa Sovieti, wengi hawakuwa na pa kurudi, wakaenda Uingereza, Kanada, Australia, waliokufa wakabaki kwetu. Mkipita hapo na watoto wa shule waambieni hao ni nani.

SWALI: Nilinunua ekari nne Kiryandongo kwa agrimenti halali. Wakati wa kusafisha tumekuta makaburi matano chini ya mti, moja lina sahani ya bati juu. Aliyeniuzia anasema ni ya familia ya watu waliorudi kwao Kitgum, nilime tu. Moyo unakataa. – Mkulima

JIBU: Moyo wako uusikilize ndugu, usilime. Pima mahali penyewe, na hatua chache kila upande, panda ua wa miti au weka waya, acha na kinjia cha kuingilia kutoka barabarani ili mtu akija asipite kwenye mazao yako. Hiyo sahani irudishe ilipokuwa. Mwite LC1 na wazee wawili waje waone, waandike kwamba ulinunua ukakuta makaburi na umeyaacha, hiyo karatasi ikae pamoja na agrimenti yako, itakulinda na wewe siku familia ikifika na hasira. Aliyekuuzia alipaswa kukuambia kabla hujalipa, mrudie akupe majina ya hao watu, sio "watu wa Kitgum" tu. Wauzaji wa duka, katekista, wachunga ng'ombe wa zamani, mmoja wao atakuwa anajua namba ya simu ya mtoto wao.

Ukipata jina la ukoo au la kijiji chao cha Kitgum niandikie tena, na idadi ya makaburi na huo mti ni wa aina gani. Nitaweka kwenye toleo linalofuata, wasomaji tunao mpaka huko.